Mwenda Pole

Watu wakizitazama zile picha zetu za zamani huniambia, "Mzee Emil, enzi zenu watu walikuwa wepesi!" Wepesi wapi? Tad Quill alikuwa mwepesi, sikatai, maana alizaliwa kwenye sarakasi na alijua kuanguka kabla ya kujua kusoma. Lakini wale sita waliocheza polisi walikuwa watu wazima wenye vitambi, na mmoja wao baridi yabisi ilimshika magoti hata kupanda ngazi mpaka asukumwe. Aliyewakimbiza ni mimi, kwa mkono huu wa kulia.

Kamera ile haikuwa na mota. Ilikuwa sanduku la mbao juu ya miguu mitatu, ubavuni lina mpini, na mpini huo ulikuwa wangu. Ukiuzungusha mara mbili kwa sekunde, mtu ataonekana kwenye kitambaa cheupe anatembea kama atembeavyo barabarani. Ukiuzungusha mara moja tu, mtu yuleyule atakimbia kama kuku aliyemwagiwa maji ya moto. Ukiuzungusha mara nne, ataelea. Sisi wa vichekesho tulizungusha polepole ili wao waende mbio. Nilihesabu kwa kuimba kimoyomoyo wimbo wa kanisani aliotufundisha mama, na mwendo wangu haukuyumba hata siku moja. Kosa nililofanya lilikuwa jingine.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo, huko Edendale, pale tramu ya Los Angeles inapopinda chini ya vilima. Tulikuwa na banda la kukatia picha, jukwaa la mbao lisilo na paa ili jua liingie, na chumba cha giza cha kutazamia kazi ya jana. Mwongozaji wetu, Bwana Schoonover, aliwahi kuuza majeneza kabla ya kuingia kwenye vichekesho, na alipenda kusema kazi ni ileile, kumlaza mtu vizuri. Lakini uti wa mgongo wa kampuni alikuwa Tad. Ndiye aliyepigwa keki za krimu usoni, ndiye aliyetumbukizwa ziwani, ndiye aliyetupwa madirishani. Tena alikuwa mume wa dada yangu Roza. Siku ya harusi yao Roza alinivuta jikoni, shela bado kichwani, akaniambia, "Kaka, nimempenda mtu ambaye kazi yake ni kuanguka. Wewe ndiye unayemtazama mchana kutwa. Nitunzie." Nikamwambia nitamtunza.

Ilianza na picha ya soseji. Tad ameiba mkufu wa soseji, polisi sita wanamfukuza Mtaa wa Allesandro, na mbwa yuko nyuma yao. Asubuhi iliyofuata tuliingia chumba cha giza. Mimi nilizungusha mashine ya kuonyeshea, Bwana Schoonover na Tad walikaa viti vya mbele, na Bi Mapes, mama wa makamo aliyekata na kuunganisha picha zetu zote, alisimama mlangoni na mkasi wake umening'inia shingoni. Wakapita mbio Tad, soseji, polisi na mbwa. Halafu, nyuma yao kabisa, katikati ya barabara, akaja mtu anatembea.

Alivaa koti la kahawia la Jumapili, kofia kaishika mkononi kama mtu anayeingia nyumba yenye msiba. Hakuwa na haraka. Alitembea tu, hatua baada ya hatua, kama wewe unavyokwenda dukani. Bwana Schoonover na Tad wakaangua kicheko, na kweli ilichekesha, maana dunia nzima ilikuwa ikirukaruka na yeye anakwenda zake. Mimi mwili ulinisisimka.

Hebu fikiria mwenyewe. Mkono wangu ulikwenda nusu ya kawaida. Kila kilichokuwa mbele ya kamera kiliongezeka mwendo, hata majani ya miti, hata moshi wa mabomba. Ili mtu yule aonekane anatembea kawaida, ilimpasa siku ile atembee kwa nusu ya mwendo wa binadamu: anyanyue mguu, auzuie hewani, aushushe taratibu, hivyo hivyo kutoka kona ya duka la mikate mpaka tulipokuwa sisi. Ningemwona. Mtaa mzima ungemwona na kumzomea.

"Emil, mchawi wewe!" Bwana Schoonover alipiga kelele. "Huyu umempachika vipi?"

"Sijampachika, Mkubwa. Hakuwapo."

"Haya, haya, ficha siri zako. Mwache humohumo. Watu watavunjika mbavu."

Bi Mapes hakucheka. Aliuchukua utepe wa picha, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akaupitisha picha moja moja kati ya vidole vyake. "Polisi wote sita wamejikwaa," akasema. "Tad kajikwaa, hata mbwa kajikwaa. Huyu hapana."

"Mwenda pole hajikwai, mama," Tad akamjibu, na jina likamganda yule mtu hapohapo.

Wiki iliyofuata tulikuwa ziwani, Echo Park, tunamtumbukiza Tad majini kama kawaida. Kwenye kitambaa Mwenda Pole alikuwa ng'ambo, anazunguka ukingo kuja upande wetu. Picha ya tatu ilikuwa ya nyumba inayoungua, akatokea nyuma ya gari la zimamoto, hatua ishirini kutoka kwa Tad. Hakuwatazama polisi. Hakuitazama kamera, jambo ambalo hakuna mpita njia anayeweza kujizuia kulifanya. Alimtazama Tad peke yake. Na kila mara mambo yaliisha vilevile: anakaribia, anakaribia, halafu Tad anachomoka mbio na kutoka kwenye picha, na yeye anabaki nyuma anatembea.

Ya nne tuliipigia jukwaani, ndani ya jiko la kuta tatu. Mlango wa jiko lile haukuelekea popote. Nyuma yake palikuwa na rundo la mbao, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeupigilia msumari kwa sababu upepo uliubamiza. Kwenye kitambaa mlango ukafunguka. Akaingia, akapita katikati ya unga unaoruka na sahani zinazovunjika, na koti lake halikupata hata chembe ya unga. Akanyoosha mkono. Vidole vikafika kwenye ukosi wa Tad. Tad akaruka dirishani, fyuu, na mkono ukashika hewa.

Bwana Schoonover alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Nikamtazama Tad. Alikuwa amejishika shingo kwa nyuma, na hakucheka.

Mchana nilimkuta amekaa ngazini pa jukwaa, unga bado uko masikioni, mkate wa nyama aliofungiwa na Roza uko mapajani haujaguswa.

"Shemeji," nikamwambia, "unamjua yule mtu?"

"Nimjulie wapi? Labda ni bwana niliyemnyang'anya dada yako."

"Acha utani."

"Nikiacha utani tutakula nini?" Halafu akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Sijamwona, Emil. Naapa kwa kaburi la mama. Lakini nikikimbia namsikia. Nyayo zetu sote ni pa-pa-pa-pa. Kuna moja inakwenda pa... pa... Kama mtu anayejua tutakutana tu, leo au kesho."

"Basi pumzika. Mwambie Mkubwa unaumwa."

"Niumwe mimi? Nimeanguka miaka ishirini sijavunjika hata ukucha, leo nilazwe kitandani na picha? Watanicheka kutoka hapa mpaka Chicago." Akanipigapiga gotini. "Na Roza usimwambie. Ukimwambia hatalala, na asipolala yeye silali mimi."

Sikumwambia. Jumapili nilikula kwao, matonge ya viazi na kabichi chachu, Tad akaimba, akaanguka na kiti makusudi ili Roza acheke, na Roza akacheka mpaka akashika ubavu. Mimi nilikuwa nikiutazama mlango. Niliogopa, sisemi uongo. Nilimpenda Tad kuliko nilivyowapenda ndugu zangu wa damu, na sikujua nimkinge na nini.

Jumatatu nikamwomba Bi Mapes anitolee picha zetu za mapenzi. Tulikuwa nazo tatu, na zile nilizizungusha kwa mwendo wa kawaida, mara mbili kwa sekunde, kwa sababu hakuna anayetaka kuona wapenzi wanabusiana kama kuku wanaodonoa. Tukazitazama zote tatu tangu mwanzo. Wasafiri kituo cha reli, wageni harusini, watu bustanini na miavuli yao. Wote walitembea kama watu. Hakuna aliyekwenda kinyume cha wenzake.

"Humu hayumo," Bi Mapes akasema.

"Umeona? Yumo kwenye vichekesho tu. Mkono wangu wa polepole ndio unaomleta, kama mlango ulioachwa wazi. Nikizungusha haraka, haraka kabisa, atakosa pa kupitia."

Akauma midomo. "Una hakika, Emil?"

"Mama, wewe kata picha zako. Mambo ya mpini niachie mimi."

Kiburi si maungwana, lakini mimi nilikuwa nacho tele. Miaka saba nilikuwa nimeuamuru mwendo wa watu, nikadhani kila kinachopita mbele ya kamera yangu kinaniamkia.

Alhamisi kulikuwa na kuanguka kutoka roshani ya hoteli. Hoteli yenyewe ilikuwa ukuta wa mbele tu, mbao zilizopakwa rangi, na roshani ghorofa ya pili. Chini tuliweka uzio wa maua, na nyuma ya uzio magodoro manne ambayo kamera haiyaoni. Tad alishaanguka kutoka juu zaidi ya pale, tena amelewa. Kabla hatujaanza nikamfuata Bwana Schoonover.

"Mkubwa, hii tusiifanye ya mbio. Kila kampuni inaanguka mbio. Sisi tumwangushe taratibu, aelee kama unyoya, polisi wako chini wanamngoja na mikono juu mpaka wachoke."

Akatikisa kichwa, akaanza kutabasamu. "Unyoya. Mwanamume mzima na viatu vikubwa vile, unyoya! Emil, leo umekula nini?"

Tad hakupendezwa. "Shemeji, nikielea nani atacheka? Kichekesho ni mbio. Hata maisha yangu ni mbio, nikisimama tu nimeliwa."

"Nifanyie hisani. Mara moja tu. Kwa ajili ya Roza."

Nilijua kwamba hilo hatalikataa, ndiyo maana nililisema. Akavaa kofia yake ya kuchekesha. "Haya, bwana mpini. Zungusha."

Nikazungusha mara nne kwa sekunde, na kamera ikalia kama cherehani. Tad akatokea kwenye dirisha la juu, akapanda ukingo wa roshani, akaanza kupepesuka kwake kule alikokujua yeye tu, mguu huku, mkono kule. Nilimtazama yeye, nikatazama dirisha, nikatazama ukuta wote. Hapakuwa na mtu. Nakuapia, hapakuwa na mtu, na moyo wangu ukafurahi, nikajua nimemfungia nje. Ndipo Tad alipogeuza kichwa kidogo upande wa kushoto, kama mtu aliyeombwa njia, akasogea hatua moja. Akaanguka.

Magodoro yalikuwa kulia. Desturi ya kazi yetu ni kwamba mpini hausimami mpaka mwongozaji aseme basi, hata mtu akivunjika, maana mara nyingi anayevunjika huinuka na kucheka. Bwana Schoonover hakusema basi. Nilizungusha nikimsubiri Tad ainuke, nikazungusha mpaka utepe ukaisha, na wale polisi bado walikuwa wameinua mikono.

Tulimzika Jumamosi. Bwana Schoonover aliagiza utepe ule uchomwe, na Bi Mapes akaitikia ndiyo Mkubwa, kisha akauosha kwa dawa na kuukausha na kunipigia hodi nyumbani kwangu Jumatatu asubuhi. "Sitautazama peke yangu," akasema. "Na sitauchoma kabla ya kuutazama."

Tukaingia chumba cha giza, wawili tu.

Tad alitokea kwenye roshani kama mtu aliye ndani ya maji. Chini, polisi waliinua mikono kwa uvivu, na midomo yao ilifunguka taratibu. Ndege mmoja alipita juu ya hoteli, na ungeweza kuhesabu kila pigo la mabawa yake. Halafu Mwenda Pole akatokea kwenye dirisha la juu.

Mwendo wake ulikuwa uleule. Haukupungua, haukuongezeka. Alitembea kama alivyotembea Mtaa wa Allesandro, kama alivyotembea ziwani. Lakini sasa wengine wote walikuwa wakijikokota, na yeye akawa mwepesi kuliko wote. Alikuwa na wakati wa kutosha. Akatoka dirishani, akamzunguka Tad kwa nyuma, akamshika kiwiko kwa adabu kama unavyomshika mzee wa kuvushwa barabara, akamsogeza hatua moja kushoto. Kisha wakashuka pamoja. Tad alianguka polepole, na yule mtu hakumwachia kiwiko, anateremka hewani hatua kwa hatua kama aliye kwenye ngazi za nyumbani kwake.

Mkono wangu ulikuwa bado unazungusha. Bi Mapes ndiye aliyeongea.

"Hakubadilika," akanong'ona. "Emil, huyu hausikii mpini wako. Wewe ulipozungusha polepole, Tad alikuwa mbio, na huyu hakumfikia..."

Mkono wangu wa polepole ndio uliokuwa ukimwokoa shemeji yangu, picha baada ya picha, wiki baada ya wiki. Mimi nikauondoa. Nilimshika Tad nikampunguza mwendo, na Mwenda Pole akamkuta.

Bi Mapes akaenda bandani bila kuambiwa, akarudi na zile picha za mapenzi. Safari hii hatukutafuta mtu anayetembea tofauti na wenzake. Tulitafuta koti la kahawia. Alikuwamo. Kituo cha reli alikuwa kati ya wasafiri, anakwenda kama wao, na ndiyo maana hatukumtambua. Harusini alikuwa safu ya nyuma. Bustanini alipita mbele kabisa ya kamera, karibu ningemgusa, na kwa dakika nzima alilingana na kila mtu.

Roza alikuja siku ya tatu yake, amevaa nguo nyeusi za mama yetu.

"Nimesikia utepe haujachomwa," akasema. "Nionyeshe."

"Dada, hiyo si ya kutazama."

"Ni mume wangu. Nimemwona akianguka mara elfu na nikapiga makofi. Ya mwisho ndiyo unifiche?"

Nilifikiri nimwambie mashine imeharibika, nilifikiri niuangushe utepe kwenye taa uungue mbele yake. Badala yake nikafunga mapazia. Akakaa kiti cha mbele, mikono mapajani, mgongo umenyooka. Nikaanza, na sikutazama kitambaa. Nilimtazama yeye, nikingoja apige ukelele.

Hakupiga. Alitazama mpaka mwisho, mwanga unamchezea usoni, na uso ukamlegea kidogo kidogo.

"Mbona anashuka taratibu hivi?" akauliza.

"Ni mimi. Mimi ndiye niliyemfanya hivyo."

Akageuka kunitazama, na machozi aliyoyazuia tangu kaburini yalikuwa yakimtiririka. "Ili asiumie," akasema. "Kaka yangu jamani. Ulimshusha taratibu asiumie. Asante."

Niliinama kwenye mashine, nikaipangusa lenzi ambayo haikuwa na vumbi.

"Na huyu bwana aliyemshika mkono ni nani? Sikumwona mazishini. Niambie anakaa wapi, nataka nikamshukuru. Mume wangu hakuwa peke yake, Emil. Nilikuwa silali kwa kufikiri kwamba alikuwa peke yake."

"Simjui, Roza."

Akajifuta macho kwa kiganja, akageukia tena kitambaa, akajiweka sawa kitini.

"Irudie, kaka," akasema. "Taratibu hivyo hivyo."

Nikaurudisha utepe mwanzo, nikaushika mpini, nikazungusha.